Roho Juu

Miaka ishirini na sita naonja kahawa ya watu
katika chumba cha madirisha marefu, karibu na reli, Moshi.
Kijiko, nafyonza kwa kishindo, nazungusha ulimini,
natema.
Ndoo ya bati kando ya goti langu ni shahidi:
sijawahi kumeza.

Januari sauti ikaanza kuniaga.
Asubuhi nakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni,
nasafisha koo, nakohoa, nasafisha tena,
na donge limekaa palepale, halipandi, halishuki,
kama kipande cha ndizi kwenye mtori uliopoa.
Jirani wa Rau akasema ni vumbi.
Mama mkwe akasema ni kijicho.
Duka la dawa likasema elfu nne.

KCMC, Daktari Nsiande alipitisha kamera puani.
Nikaziona kwenye kioo nyuzi zangu za sauti,
nyekundu, zimevimba,
kope za mtoto aliyelia hadi usingizi ukamchukua.
"Kiungulia unacho?" Sina.
"Kifua kinawaka?" Hapana.
"Basi inapanda kimyakimya. Tindikali.
Tumbo limeizoea. Koo halina ngozi hiyo."

Nikadhani tumemaliza. Akanishika vidole.
"Mbona baridi hivi?"
Akanibandika vidude kifuani, akaniambia nipumue,
akawa anapima si mapigo
bali nafasi kati ya pigo na pigo.

"Kuna mshipa wa fahamu," akasema, "mrefu, mzururaji.
Unatoka chini ya ubongo, unapita hapa shingoni,
unagusa zoloto, unambembeleza moyo,
unashuka hadi tumboni bila kukuomba ruhusa.
Huo ndio una neno na lango la juu ya tumbo.
Una mwenzake, mlinzi wa zamu ya usiku,
anayepuliza filimbi hata paka akipita.
Kwako filimbi hailali."
Akavua miwani.
"Kipi kilitangulia, sijui. Tindikali humchokoza mshipa,
na mshipa ukichoka lango hulegea. Bado tunachunguza."

Roho juu, nikawaza ngazini.
Bibi zetu walisema hivyo bila kamera.

Maana nayajua masale ya kihamba cha baba,
yaliyohama hatua saba usiku mmoja wa mvua.
Ndugu yangu Elinami alisimama msibani, akala, akasifu marehemu,
na mimi nikampa kiti.
Kahawa nilitema. Lile nililimeza,
na mwaka wa tisa huu linatafuta njia ya kurudi.

Sasa tofali mbili ziko chini ya kichwa cha kitanda.
Mke wangu anasema tunalala kama mizigo kwenye lori la Kiborloni.
Chakula saa kumi na mbili, mbege marufuku,
ubavu wa kushoto, na pumzi:
kuvuta hesabu nne, kushusha hesabu saba.
Kazini bado nafyonza, natema. Watoto wana ada.

Jana jioni mlima ulikuwa wazi, nikapiga simu.
Ikaita sana.
"Haloo? Haloo? Nani mwenzangu?"
Hakuitambua sauti; hata mimi siitambui.
Filimbi ikalia hadi kwenye ncha za vidole.
Hesabu nne. Hesabu saba.
Nikameza mate,
nikamtajia jina alilokuwa akiniita tukichunga mbuzi.
Kimya.
Nikamsikia, upande wa pili, akisafisha koo.