Mwanachama Namba Kumi na Nne

Kitabu changu kilikuwa cha kijani.
Sasa kina rangi ya vumbi la Nkuhungu,
kona zimelika kama kwato za punda wa maji.
Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa Bwana Chilongani,
wino wa zambarau, Juni sita, themanini na tisa:
shilingi mia saba. Fedha ya karanga.

Tulikuwa watu ishirini na mmoja, benchi moja.
"Chama cha Akiba na Nyumba", tuliandika mlangoni kwa chokaa,
mvua ya kwanza ikafuta "Nyumba".
Tulicheka sana siku ile.

Kila mwisho wa mwezi nilipeleka.
Mwaka uwele uliponyauka ukiwa wa magotini, nilipeleka.
Na sitasema uongo: Yeremia alipofariki
Chilongani alinipa fedha ya jeneza bila mdhamini,
bila fomu, akaandika pembeni kwa penseli,
"namjua".
Chilongani alistaafu.
Kompyuta haimjui Yeremia.

Machi hii jirani yangu Mbeleje,
yule anayekaanga chipsi njia panda, kafungua akaunti.
Wakampa chupa ya chai, nyekundu,
na mwavuli.
Mwavuli! Dodoma!
Nikamwomba nione kitabu chake. Hana kitabu, ana simu.
Asilimia saba.
Yangu mbili na nusu.
Saba ya mwaka? Ya mwaka, mama.
Nikauliza tena, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni kaja, kakaa kwenye kochi, kaletewa soda,
na mwenyeji niko kwenye foleni nimeshika kitambulisho.
Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nina miaka thelathini na tano nalima.

Kijana wa dirishani anaitwa Ndahani, ana adabu.
"Hiyo ni ofa ya wateja wapya, mama."
Na wa zamani?
"Wa zamani tunawathamini sana."
Nikamuuliza, kwa asilimia ngapi?
Akacheka, akatazama nyuma yake, akashusha sauti:
mteja mpya ni yeyote ambaye hana akaunti hapa
kwa siku tisini.

Nikatoa yote.
Fedha ambayo zamani ingenunua bati ishirini,
leo, pamoja na riba yake, bati nne na misumari.
Mji huu, wanasema, tembo alizama matopeni ukapata jina.
Tembo walau watu walimwona.

Siku tisini fedha ililala ndani ya debe, chini ya uwele,
nami nililala jicho moja.
Upepo wa Julai ukigusa mlango, mwizi.
Panya akigusa debe, mwizi.
Saa kumi alfajiri nilikuwa nimekaa kitandani
nahesabu, si noti,
nahesabu matofali ambayo Yeremia alibeba Jumamosi zile,
bure, kwa msingi wa ofisi yao.
Nilifika mia mbili na kitu, nikapotea.

Siku ya tisini na moja nilivaa kitenge cha kanisani.
Fomu inauliza: Umetufahamu kupitia wapi?
Redio. Bango. Mtandao. Rafiki.
Hakuna kisanduku cha aliyesomba maji
ya kukorogea udongo wa ukuta wenu wa kwanza.
"Karibu sana, mama. Ndiyo mara yako ya kwanza kwetu?"
Ndahani, dirisha la pili, aliinamia karatasi zake.
Nikashika kalamu yao iliyofungwa kwa uzi,
nikaweka tiki kwenye "rafiki".

Namba yangu sasa ni elfu nane mia nne kumi na saba.
Ile kumi na nne hawampi mtu, niliuliza.
Imefungwa tu.

Chupa ni nzuri, lakini.
Chai inakaa moto mpaka saa kumi alfajiri,
na saa kumi alfajiri bado naamka.