Kaunta Buku, Kwaya Mbili

Mama alilinunua mwaka niliochaguliwa Mlimani
kusomea sanaa za maonyesho.
Gamba limeliwa na panya. Ukurasa wa kwanza,
kwa kalamu ya bluu inayokohoa:
ada, ile bodi iliyobakiza;
godoro; nauli, Moshi mpaka Ubungo, na maji ya njiani;
ng'ombe. Hapo hakuna bei,
amechora mstari tu.

Baba mdogo Eliakunda alisema siku ile, mbege mkononi,
"Miaka mitatu kujifunza kulia?
Hapa Kiboriloni watu wanalia bure."
Wakacheka. Nami nikacheka, tena vizuri,
pumzi ikitoka tumboni,
na sikuwa nimefundishwa bado.

Leo Jumapili, rasharasha,
mlima haujatoka tangu Alhamisi.
Ndizi ziko jikoni, nyama hakuna.
"Haya," anasema, "upande wa kuingia. Taja."

Nataja.
Mchezo wa vyandarua, shule sita, Himo mpaka Marangu:
nilikuwa mbu. Siku sita, wakalipa nne.
Tangazo la mbegu redioni, sauti ya mke wa mkulima,
elfu arobaini, na mume sikumwona,
alirekodiwa siku nyingine.
Kipaimara cha mtoto wa Mmari, kushika kipaza sauti:
bahasha nyepesi na nyama ya kufungashiwa.
Chuo cha udaktari: nalala kitandani, najifanya mgonjwa,
wanafunzi wananijifunzia.
Elfu ishirini kwa asubuhi, na chai.

Kalamu inasimama.
"Unaumwa nini?"

Wiki iliyopita, kidole tumbo.
Juzi, mama mwenye uvimbe asiyetaka kusema.

"Asiyetaka kusema." Anageuza kalamu. "Wakajua?"

Mmoja. Kijana mfupi, koti limemzidi mabega.
Aliweka karatasi ya maswali chini
akaniuliza, siku hizi nyumbani maji anachota nani?
Nikalia kabla ya zamu yangu ya kulia.
Mwalimu alimpunguzia alama, kwa kupitisha muda.

Hodi.
Ni Mama Ndetaulwa wa kikoba.
Daftari linaingia chini ya khanga, na mama yangu anainuka
akiwa mtu mwingine, mnene kidogo, mwenye nafasi.
"Karibu, shoga! Umekuja na baraka, chakula ndiyo hicho, kaa!"
Anashika kifuniko cha sufuria. Hakifunui.
Anakishika tu, na kunyamaza, na kutabasamu,
mpaka mgeni mwenyewe anasema ameshiba, anapita tu,
na yale marejesho, basi, hata mwisho wa mwezi.
"Huyu mwanangu sasa yuko na madaktari," mama anamsindikiza.
Uongo hauna hata neno moja.

Kile kimya cha kifuniko tulikisoma muhula wa nne.
Mtihani nilipata C.

Anarudi, anakaa, uso unamshuka
kama nguo iliyoanguliwa kambani.
Anajumlisha kwa midomo. Anajumlisha tena.
"Ng'ombe hajarudi," anasema.
"Hata kwato."
Nangoja aseme habari ya cherehani,
ya binti wa jirani aliyesomea uhasibu na kujenga Pasua.
Hasemi.

"Huyo mama wa uvimbe. Ulimkalishaje?"

Namwonyesha: bega limeinama, macho mlangoni,
mkono juu ya tumbo, hivi.
Ananitazama kama anavyotazama shati la mtumba,
akitafuta palipotoboka.

"Sivyo. Mkono haukai hapo."
Anauchukua, anaushusha, kushoto kidogo,
anaukandamiza kwa vidole vinavyojua njia.
"Hapa. Na mlangoni hutazami.
Unatazama vyombo ambavyo havijaoshwa."

Ndizi zimeanza kushika chini, harufu inapanda,
hakuna anayeinuka.

"Tangu lini, mama?"

Ananisogezea kalamu.
"Andika kwanza hiyo elfu ishirini," anasema,
"nisije nikasahau."