Daftari la Mweka Hazina

Ukurasa wa kwanza una doa la chai.
Ni mimi niliyemwaga, siku tuliyoandikisha kikundi:
watu kumi na mmoja, mabenchi mawili ya kuazima kanisani,
na muhuri uliokuja na herufi pungufu,
WAZAZI WA SELIMUDU PASUA.
Tulicheka. Hela ya kuchonga mwingine hatukuwa nayo.
Hadi leo kila risiti inatoka na kosa lile lile.

Julai, Moshi huwa ya watu wengine.
Wageni wanashuka mlimani pua zimebabuka,
wanasimuliana baridi kama zawadi.
Kwetu baridi inaingia kwenye mifupa ya watoto
inagonga goti, inagonga kiuno, inapanda kifua,
na mama saa nane za usiku anachemsha maji,
anakanda huku anahesabu
nauli ya bodaboda hadi hospitali ya rufaa.

Kazi yangu ni kuomba.
Naomba Kiboriloni kwenye marundo ya mitumba,
naomba kwa wanunuzi wa kahawa, naomba harusini
kabla mshereheshaji hajalewa.
"Mungu akubariki" nimezipata nyingi kuliko mia tano.
Mzee Makirita wa duka la vifaa vya ujenzi
alinitazama juu ya miwani:
"Dawa naelewa. Lakini hii ya utafiti,
utafiti unaliwa?"
Sikuwa na jibu. Nikamwandikia risiti ya dawa.

Nakundwa anauza masweta, meza ya tatu kutoka bombani.
Mwanawe, Elisaria, alikuwa na miaka tisa
na maneno ya mtu wa hamsini.
Muuguzi wa utafiti alipoleta fomu ya ridhaa
mtoto aliisoma kwa sauti, kidole juu ya mstari:
*Huenda usipate faida yoyote.*
"Mimi, au hakuna atakayepata?"
"Wewe," muuguzi akasema. "Wengine, labda."
"Basi chukueni mkono wa kushoto.
Huu wa kulia kesho una mtihani wa hesabu."
Chupa mbili ndogo, vifuniko vya zambarau.

Agosti, daftari langu linasema:
Jeneza, 180,000.
Gari hadi Same, 250,000.
Vidonge vilivyorudishwa, arobaini na viwili.
Hivyo vidonge sikujua niviandike wapi,
mapato au matumizi.
Nikaviandika katikati, juu ya mstari wenyewe.

Kikao cha Septemba hatukumtarajia.
Alikaa mwisho wa benchi, akafungua pindo la kanga,
akaweka elfu mbili mezani.
"Andika."
Nikauliza, ya dawa?
"Dawa sina wa kumpa. Andika utafiti.
Damu ya mwanangu imebaki kule juu, kwenye barafu.
Mtoto akiwa bweni
si hupelekewa ya matumizi?"

Basi amekuwa akipeleka.
Elfu mbili. Elfu mbili. Januari, mwezi wa ada za wadogo zake, mia tano.
Mara moja ilikuja barua kutoka maabara,
ukurasa mmoja, maneno mengi ya kusema bado.
Aliomba nakala. Aliikunja ndogo kama barua ya shule.

Wiki iliyopita nilirudi kwa Mzee Makirita.
Jibu bado sikuwa nalo,
nikamfungulia tu ukurasa, nikaugeuza upande wake.
Alifuata safu kwa kalamu ya kupimia mbao.
"Huyu wa elfu mbili elfu mbili ni nani?"
"Mzazi."
"Mwanawe anaendeleaje?"

Mteja akaingia kutaka misumari ya bati.
Mzee akampimia kilo mbili, akakosea, akapima tena.

Risiti namba 417. Muhuri una kosa.
Kiasi, ameomba nisimtangazie mtu.
Kwenye nafasi ya "kwa ajili ya"
ameandika mwenyewe, kwa kalamu ile ya mbao,
nene, ya rangi nyekundu: *utafiti*.