Upande wa Kaskazini

Nyuma ya nyumba, huko Akita, jua halibishi hodi.
Hapo ndipo Tomeko alipozika mizu,
vifundo kumi na vinne, kila kimoja kama punje ya kunde,
alivyochuma korongoni
mwaka ule goti lilipogoma kupanda mlima.

Jirani yake Kisaburo akacheka:
"Ukoo wa upupu, nawe unaumwagilia maji?"

Ni kweli, ukoo ni wa upupu.
Lakini huu hauwashi.
Kila ukoo una mpole wake.

Hautaki mbolea nyingi, wala kutazamwa.
Unataka kivuli cha mwerezi, majani yaliyooza,
na maji yapitayo bila kutuama;
akaupindia mfereji wa paa.

Mwaka wa kwanza, majani matatu.
Mwaka wa pili, konokono.
Wa tatu mashina yakasimama, mekundu kwa chini.
Akakata machache,
akayaponda kwa mgongo wa kisu hadi yakavuta ute,
akala na wali, polepole, redio imezimwa.

Miti ilipopukutika, vifundo vikavimba tena mashinani,
bakuli tele.
Nusu akavitia kwenye mchuzi wa soya.
Nusu akampelekea Kisaburo, vimefungwa gazetini,
na maneno mawili tu:
"Pasipo jua."