Rasimu ya Saba

Nilianza na waridi, kama kila mtu.
Petali tano, shina limepinda kwa adabu,
na chini yake jina la filamu kwa herufi nyembamba
zinazonyata kana kwamba chumbani kuna mgonjwa.
Yusta, mwongozaji, akaitazama skrini, akafyonza chai yake:
"Hili ni tangazo la sabuni."

Ya pili, utepe. Ya tatu, utepe ukajipinda
ukawa mfuko wa uzazi. Ya nne nikachora tumbo,
tumbo tupu la duara, nikalipenda,
nikalipeleka Kasulu kwa wanawake wenyewe
kwenye karatasi kubwa iliyolowa jasho la kwapa langu njiani.

Stefania Minani aliishika kwa mikono miwili.
Alikaa kimya mpaka nikaanza kujieleza.
"Kichwa kiko wapi?"
Nikasema ni mtindo, dada, ni ishara tu ya
"Mimi nilipelekwa leba na kichwa changu.
Siku tatu kilikuwepo. Kilisikia yote."

Nikafunika kalamu.

Wakaanza kuongea wao kwa wao, Kiha kinakwenda mbio,
nami mtoto wa Mwanga nadaka neno mojamoja.
Lililorudi na kurudi ni kitenge.
Viwili, Butoyi akanifafanulia:
cha juu cha watu, cha ndani cha mkojo.
Cha juu unakinunua Ujiji, kina ndege na maua,
majirani wanakuuliza bei.
Cha ndani hukianiki mbele ya mtu.
Unakitundika usiku nyuma ya migomba, kinalala na umande,
alfajiri unakivaa kibichi.
"Miaka tisa," alisema, "sikuvaa kitu kikavu."

Basi. Kamba moja.
Kitambaa kimoja juu yake, jua la saa saba,
pembe moja imeinuliwa na upepo.
Rangi nimeiiba kwenye dumu la mawese sokoni,
ile inayokaa kwenye ukucha siku mbili,
si nyekundu, si njano, haiombi radhi.
Herufi nene, zimekanyaga chini kwa wayo mzima.
Nimeipunguza mpaka ikawa punje ya hindi: bado inasomeka.
Umeme ulikatika mara mbili kabla sijaihifadhi.

Rasimu ya saba, kwenye fulana ya majaribio.
Yusta alipiga makofi. Butoyi alicheka, akajifunga nayo kichwani,
wakanyang'anyana.
Stefania aliichukua mwisho. Akaifikicha nembo kwa gumba,
kwa nguvu, kama mtu anayeijua kazi hiyo kuliko mimi:
"Ikifuliwa, inachuja?"

Sikujua.
Usiku huu niko uani na beseni,
sabuni ya mche, maji ya tatu.
Nasugua.