Mstari Mwekundu Chini ya Jina

Ijumaa, saa nne, Kirumba. Harufu ya dagaa
imeingia dukani kabla ya wenyewe.
Wanawake watano na daftari la kaunta
lenye magamba yaliyokauka kati ya kurasa.
"Tuandikie katiba," anasema mwenyekiti, Bi Ng'washi Masalu,
"halmashauri wanaitaka kwa mtandao,
siku hizi karatasi hawaitazami."

Nikaanza na majina. Thelathini na moja.

Nyanzobe. Mashine ikapiga mstari mwekundu.
Kwandu. Mstari.
Holo nilimwandika mara tatu,
mara tatu akageuka salamu ya Kizungu.
Limi, aliyezaliwa jua la saa sita,
nilipoinua macho alikuwa ndimu.
Na Ng'washi, hapo ndipo kifaa kilipokwama:
kiliiona ritifaa kama ufa ukutani,
kikapachika herufi kubwa katikati ya jina
kana kwamba mama wa watu ni vipande viwili.

Bi Kwandu alisimama nyuma ya kiti changu.
Kusoma anasoma polepole, ila rangi anaijua.
Akainama, pumzi yake shingoni mwangu.
"Mwanangu, mbona nimepigwa mstari?
Mkopo wa Machi nilimaliza. Risiti ninayo."
Akaanza kufungua pindo la kanga.

Si deni, mama, nikasema.
Ni mashine tu, haikujui.

"Haa! Hainijui?" Akacheka, wote wakacheka.
"Mimi wa Igombe, nauza hapa tangu mwaloni ni tope,
hata paka wa Kirumba wananijua!"

Nilicheka nao, lakini vidole vilikuwa vimepoa.
Miaka sita nimekalia kiti hiki
nikichapa wosia, maombi ya kazi, barua za kuvunja uchumba,
na kila siku lugha yangu nzima inatiwa mawimbi mekundu
kuanzia kichwa cha barua hadi wasalaam,
nami nimezoea,
kama jirani wa kinu asiyesikia kinu tena.

Nikabofya kulia. Ongeza kwenye kamusi.
Nyanzobe, ongeza. Kwandu, ongeza.
Minza, Nkwimba, Sayi, Nyangeta wa Ukerewe.
Mistari ikazimika mmoja mmoja
kama taa za dagaa ziwani kunapopambazuka.
Bi Kwandu alihesabu kwa kidole juu ya kioo,
akaacha alama ya mafuta
ambayo sikuifuta hadi Jumatatu.

Kisha tukamtumia Nyangeta kiungo, naye yuko Nansio.
Dakika kumi, kimya. Simu ikaita.
"Kinasema niombe ruhusa."
"Basi omba."
"Kwa nani?"
"Kwangu."
"Sasa hapa si ndiyo naomba?"

Nikamfungulia.
Kishale chake cha kijani kikaingia ukurasani,
kikayumba kama abiria anayeshuka kivukoni na mizigo miwili,
kikapita viingilio, kikapita akiba,
kikasimama kifungu cha saba, juu ya neno *faini*.
Kikalifuta.
Herufi zikaja moja moja, bila mtu, bila mkono:
*pole kwanza, kisha faini*.
Bi Ng'washi alisoma kwa sauti, mara mbili.
Kikapita bila kura.

Mwezi wa nane bosi akaleta fundi.
Kompyuta imekuwa nzito, alisema,
akafuta kila kitu, akaisimika upya,
ikarudi nyepesi, yenye adabu, kama mgeni.
Wiki ile ile Bi Kwandu akaja kuchukua nakala ya benki.
Nikafungua faili.
Majina thelathini na moja, yote, mekundu.

Nilitaka kugeuza kioo asione.
Alikwisha kuona.
Akatua ndoo yake mlangoni, akavuta stuli,
akajifuta mikono kwa kanga, kiganja kwa kiganja.
"Imetusahau," akasema.
"Haya. Anza na Nyanzobe."