Kisanduku cha Saba

Fomu inauliza, kisanduku cha saba:
eleza sababu za ufaulu wako hafifu.
Kimshale kinapepesa. Nami napepesa.
Nje, upepo wa Julai umeibeba Nkuhungu yote
unaimwaga, nyekundu, kwenye sufuria za mama lishe.

Stesheneri ya Ndahani, kompyuta ya pili toka mlangoni,
ile ambayo K hutoka mbili mbili.
Saa moja, shilingi elfu.

Cheti cha uzamili nimekivika nailoni, vumbi lisikione:
Sayansi ya Vimelea, nne nukta moja.
Nyuma yake, kama shemeji asiyealikwa,
shahada ya kwanza, mbili nukta sita.
Na chini kabisa kidato cha sita,
Fizikia: S,
imejikunja pale tangu nina miaka kumi na tisa.
Chuo cha udaktari kinavitaka vyote.
Uzamili haufuti kitu,
kama ndoa ya pili isivyofuta watoto wa kwanza.

Shangazi Nyemo anasema, andika baba alifariki mwaka ule.
Baba yuko Mpunguzi anapogoa zabibu,
jana kapiga simu kuuliza bei ya salfa.
Simziki mimi kwa ajili ya kisanduku.

Chilongani, aliyeingia miaka mitatu iliyopita, kasema andika malaria.
Malaria! Mimi niliyemhesabu miaka sita kwenye slaidi,
nimsingizie mdudu ninayemfahamu hadi ukoo?

Na asije mtu na habari ya mzabibu,
eti ukikatwa ndipo unapozaa.
Baba amekata mingi. Mingine ilikufa.

Ukweli ni mfupi kuliko nafasi waliyotoa.
Nilikuwa Chimwaga, kilimani, ukumbi wa watu mia nne,
safu ya nyuma, karibu na dirisha lisilofungika.
Wiki ya pili sikuelewa kitu kimoja, kidogo tu,
nikaona haya kuinua mkono.
Wiki ya tano kile kidogo kilishajenga, kimeoa, kina wajukuu.
Nilinakili. Walipocheka, nilicheka.
Matokeo yalipobandikwa niliyasoma toka chini kwenda juu,
njia ya mkato.
Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyeugua.

Kisha Mvumi, usiku, maabara yenye taa moja ya sola,
mtoto wa kutoka kwenye tembe, homa inakuja, inaondoka,
dawa ya malaria kaimaliza mara mbili.
Mwaluko, daktari wa zamu, akaniuliza: unaona nini?
Nikasema, sijui.
Kwa sauti. Mbele ya mama wa mtoto.
Sijui, ngoja nitazame tena.
Na tena. Saa nane na nusu nikamwona, katikati ya chembe za damu,
mwembamba, amejisokota
mithili ya ile ile herufi yangu.
Homa ya papasi.
Mama akasema, papasi? Si wamejaa ukutani kwetu.
Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Naandika: Sikkuuliza.
Nafuta K moja. Nabonyeza Tuma.
Maandishi mekundu: maelezo ni mafupi mno,
herufi zisipungue mia tatu.

Ndahani ananyoosha shingo toka kwenye mashine ya fotokopi:
saa imekwisha, dada. Nikuongezee?

Ongeza, nasema. Na kabla hajageuka:
hii K, Ndahani,
tatizo lake hasa ni nini?